Printa ya USB haisomi kwenye kompyuta: anza na waya, malizia na draiva

Printa ikigoma kusoma, wengi hukimbilia kufuta draiva na kuisakinisha upya. Bando linaliwa, saa nzima inakwisha, printa bado haisomi, kumbe kilichokufa ni waya. Draiva iwe ya mwisho kuguswa. Ukibofya Print, kazi yako huingia kwenye foleni ya Windows, draiva huigeuza iwe lugha ambayo printa inaielewa, halafu hupelekwa kwenye poti (mlango wa printa ndani ya Windows) na kupita kwenye waya hadi ndani ya mashine. Kabla hujarekebisha chochote, jua kazi imekwama wapi kati ya hapo. Maelezo haya ni ya Windows 10 na 11, na majina ya menyu yameachwa kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Printa yenyewe ni nzima?

Chomoa waya wa USB, printa ibaki na umeme wake tu. Kwa mashine yenye skana, kama Epson L3110, weka karatasi yenye maandishi kwenye kioo, ubonyeze kitufe cha kopi. Kopi ikitoka vizuri, achana na habari za wino, hedi (kichwa cha kuchapia) na karatasi. Tatizo liko kwenye njia ya kuunganisha. Isipotoka, au taa ya wino au ya karatasi ikiwa inamweka, maliza hilo kwanza, maana hata ukiiunganisha na kompyuta nyingine haitachapa. Printa isiyo na skana, kama Canon LBP2900, iwashe uisubiri itulie: isiwe na taa ya hitilafu inayowaka.

Sasa izime, uichomoe ukutani kwa dakika moja, na kompyuta nayo uiwashe upya kwa kuchagua Restart. Usitumie Shut down. Kuanzia Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup: ukizima kwa Shut down, Windows huhifadhi hali ya mfumo na draiva zake kwenye diski, kisha huirudisha ileile unapowasha. Draiva iliyoganda jana inarudi ikiwa imeganda. Restart ndiyo inayoanza upya kabisa, na printa nyingi zilizokuwa zimegoma hupona hapo.

Waya na matundu

Waya wa printa una kichwa bapa upande wa kompyuta na kichwa cha karibu mraba, chenye kona mbili zilizokatwa, upande wa printa. Ndani mna nyaya nne: nyekundu ya volti 5, nyeusi ya kurudishia, nyeupe na kijani za data. Ile nyeupe au ya kijani ikikatika, kwa nje waya unaonekana mzima kabisa. Mara nyingi hukatika pale unapotokea kwenye kichwa, hasa printa ikiwa imesukumwa hadi ukutani na waya umekunjwa. Upinde kidogo pale shingoni huku printa imewashwa: kompyuta ikilia ile sauti ya kuchomeka na kuchomoa, umeshapata jibu. Kanunue mwingine.

Ukinunua, chagua wa mita 1.5 au 1.8. Kwa USB 2.0 mwisho ni mita 5, na waya mrefu kupita hapo usio na kikuza mawimbi ni kujitafutia kazi ya kuchapa inayokatika nusu ukurasa. Soma pia maandishi madogo kwenye ganda la waya. Ukikuta 28AWG/1P 24AWG/2C, nyaya za data ni geji 28 na za umeme ni geji 24. Namba ikipanda, waya unakuwa mwembamba zaidi, kwa hiyo 24 ni nene kuliko 28. Ganda lisilo na maandishi yoyote si la kuamini.

Nyuma ya baadhi ya printa za leza kuna tundu la mtandao karibu na la USB, na kichwa cha mraba huingia humo bila kukataa. Kikiwa mahali pake hukaza. Kikicheza kushoto na kulia, angalia kwa tochi. Upande wa kompyuta ya mezani, tumia matundu ya nyuma yaliyo kwenye ubao mama wenyewe. Ya mbele yanaunganishwa na waya mwingine ndani ya kasha, na huo nao huregea. Printa ya zamani ikikataa tundu la buluu la USB 3.0, ijaribu kwenye jeusi la USB 2.0. Usiipitishe kwenye habu ya kugawa matundu mpaka itakapokuwa imesoma bila habu.

Device Manager ndiyo inayosema ukweli

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, uchague Device Manager. Acha dirisha wazi, chomoa waya upande wa kompyuta, subiri sekunde tano, uchomeke tena huku ukitazama orodha. Utaona moja kati ya haya manne.

Orodha haitikisiki, wala hakuna sauti. Kompyuta haijui kama kuna kitu kimechomekwa. Hapo usiguse draiva. Badilisha tundu, kisha waya, kisha ijaribu printa kwenye kompyuta nyingine. Kama Windows iliwahi kuonya "Power surge on the USB port", tundu limejifunga kwa kuzidiwa na umeme. Zima kompyuta, ichomoe ukutani kwa dakika moja, halafu ujaribu tena.

Inatokea "Unknown USB Device" yenye maneno "Device Descriptor Request Failed", na ukiifungua unakuta Code 43. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Maana yake ni kwamba kompyuta imehisi kuna kifaa, ikakiuliza "wewe nani?", kisha ikakosa jibu linaloeleweka. Fungua Properties, nenda Details, chagua Hardware Ids: mara nyingi utakuta VID_0000. Printa nzima ingejitaja kwa namba ya kampuni yake, 04B8 kwa Epson, 04A9 kwa Canon, 03F0 kwa HP, 04F9 kwa Brother. Kama Windows haijui hata kampuni, draiva gani itaichagua? Ndiyo maana kusakinisha draiva mara kumi hakusaidii hapa. Rudi kwenye waya, tundu na umeme.

Jina la printa linaonekana lakini lina pembetatu ya njano na Code 28. Hii ndiyo kesi ya draiva. Ruka hadi sehemu yake hapa chini.

Chini ya Universal Serial Bus controllers inatokea "USB Printing Support" bila alama yoyote. Waya ni mzima, tundu ni zima, na printa imejitambulisha. Kama bado haichapi, kosa liko ndani ya Windows, na mara nyingi ni poti.

Kuna mashine chache zenye tabia yake. HP LaserJet Pro P1102 huweza kujitokeza kwanza kama diski ya CD ndani ya This PC, kwa sababu imebeba programu yake ndani. Ifungue hiyo CD, endesha programu iliyomo hadi mwisho, ndipo kompyuta itaiona kama printa.

USB001, USB002 na printa yenye jina la "Copy 1"

Tundu ni lile unaloliona kwa macho. Poti ni mlango ambao Windows imeufungua ndani yake kwa ajili ya printa hiyo, nao huitwa USB001, USB002 na kuendelea. Printa ambayo haitoi namba yake ya kipekee hutambuliwa kwa tundu iliyochomekwa. Ukiihamishia tundu jingine, Windows hudhani ni printa mpya, huifungulia USB002 na kuisajili kama "Copy 1". Ile ya zamani inabaki kwenye orodha ikielekea USB001, ambako sasa hakuna kitu. Word inaendelea kutuma kazi kwa ile ya zamani, nayo inaonyesha Offline.

Nenda Settings, Printers & scanners, chagua printa, fungua Printer properties kisha Ports. Usichanganye na Printing preferences, ambayo ni ya ukubwa wa karatasi na ubora wa rangi. Tafuta mistari iliyoandikwa "Virtual printer port for USB". Kama alama ya tiki iko kwenye LPT1, FILE au WSD, ambazo si poti za USB, hapo ndipo kazi zako zinapopotelea. Weka tiki kwenye USB001, bofya Apply, nenda kwenye General, bofya Print Test Page. Kimya? Jaribu USB002, halafu USB003. Ikishachapa, ondoa nakala nyingine zote za printa hiyo kwenye orodha, kisha bandika kipande cha plasta kwenye kompyuta juu ya tundu ulilotumia ili waya urudi hapohapo kila siku.

Ukiwa kwenye Printers & scanners, zima "Let Windows manage my default printer". Ikiwa imewashwa, Windows hufanya printa uliyoitumia mara ya mwisho kuwa ndiyo ya kawaida. Ukihifadhi hati moja kwa Microsoft Print to PDF, hati inayofuata inakwenda huko badala ya kutoka kwenye karatasi. Kwenye Windows 10, fungua pia foleni, bofya menyu ya Printer, na uhakikishe "Use Printer Offline" na "Pause Printing" hazina tiki.

Foleni iliyoganda

Umeme ukikatika katikati ya kuchapa, kazi hubaki nusu kwenye foleni. Ukijaribu kuifuta inaandika "Deleting" na kubaki hivyo hadi kesho, na kila kazi inayofuata inasimama nyuma yake. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, bofya Command Prompt kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Run as administrator, kisha andika mistari hii mmoja mmoja:

net stop spooler
del /Q /F "%systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*"
net start spooler

Mstari wa kwanza unasimamisha huduma ya kuchapa, wa pili unafuta mafaili ya SPL na SHD, ambayo ni kazi zenyewe pamoja na maelezo yake, na wa tatu unaiwasha tena. Hati zako kwenye Word haziguswi, ila utazituma upya.

Printa inayosoma, kisha inapotea

Kama inasoma asubuhi na kupotea baada ya kukaa bila kazi, Windows inaizima ili kuokoa umeme. Kwenye Device Manager fungua kila USB Root Hub, nenda Power Management, ondoa tiki kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power". Kisha kwenye Control Panel fungua Power Options, Change plan settings, Change advanced power settings, USB settings, na uweke USB selective suspend setting kuwa Disabled.

Kama inapotea inapoanza kuchapa, na ni ya leza, angalia umeme. Hita inayoyeyusha wino wa unga huvuta umeme mwingi kwa mkupuo. Ikiwa iko kwenye ekstensheni moja na kompyuta, taa hufifia na mawasiliano ya USB hukatika. Ichomeke ukutani peke yake, wala usiiweke kwenye UPS ndogo ya nyumbani.

Draiva, sasa

Kwanza jua aina ya kompyuta yako: bonyeza Windows na R, andika msinfo32, soma System Type. x64-based PC inataka draiva ya biti 64. ARM64-based PC inataka draiva iliyotengenezwa kwa ARM64, na printa nyingi za zamani hazina. Shusha draiva kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza printa, kwa modeli yako hasa. CD ya kwenye boksi huwa imepitwa na wakati.

Chomoa waya wa USB. Ondoa printa kwenye orodha. Bonyeza Windows na R, andika printui /s /t2, chagua draiva ya printa hiyo, Remove, kisha "Remove driver and driver package". Ikikuambia inatumika, simamisha na uwashe spooler kama hapo juu, urudi haraka kuiondoa. Restart. Endesha programu mpya huku waya ukiwa bado nje, na uuchomeke pale tu programu itakapoagiza. Ukiuwahisha, Windows huweza kuiwekea draiva yake ya jumla, na printa ikachapa bila skana au bila kuonyesha kiwango cha wino.

Kama printa inatoa kurasa zenye maneno ya ajabu yanayoanza na "POST /ipp/print HTTP/1.1", usihangaike na draiva. Ni kasoro iliyoletwa na sasisho la Windows la mwisho wa Januari 2025 kwa printa za USB zinazotumia pia IPP (itifaki ya kuchapa iliyobuniwa kwa ajili ya mtandao), na Microsoft ilitoa marekebisho Machi mwaka huohuo. Fungua Windows Update, ukamilishe masasisho yaliyobaki.

Anayetumia Linux ana njia fupi: andika lsusb, na kama jina la printa lipo, sudo lpinfo -v itaonyesha anwani inayoanza na usb://. Ikikosekana kwenye lsusb, ni waya au tundu.

Ikibaki kimya kwenye kompyuta mbili, kwa nyaya mbili, na huku kopi inatoka vizuri, basi tundu la USB la printa limeachia pale lilipochomelewa kwenye ubao, au ubao wenyewe umeungua. Fundi wa elektroniki anaweza kuchomelea tundu upya. Mwambie vipimo ulivyofanya ili asianze na draiva. Epson L3110 na L3210 hazina Wi-Fi, kwa hiyo zitasubiri tundu lipone. L3150 na L3250 zinayo, nazo zinaweza kuendelea kuchapa bila waya.