Manjano: yakaange kwa samli kabla ya kutia maziwa

Manjano ya soko la Marikiti ukiyakoroga kwa maji ya moto, ukimaliza kunywa utakuta tope chini ya kikombe. Jaribu hivi: samli nusu kijiko cha chai, moto mdogo, tia manjano robo kijiko, geuza mpaka samli igeuke rangi ya chungwa na harufu ipande (sekunde 20 hivi, yakiungua ni machungu), kisha mimina kikombe cha maziwa yenye mafuta yake. Kinacholeta ile rangi, kurkumini, karibu hakiyeyuki majini ila kwenye mafuta kinayeyuka, na protini za maziwa nazo hukishika kisizame. Sukari ni kinyume: yataka maji, na maziwa ni maji kama asilimia 87, kwa hivyo haina taabu yakiwa moto. Kwa maziwa yaliyotolewa mafuta rangi hupauka. Unga kidogo utabaki chini hata ufanyeje, huo ni wanga na nyuzi. Na tangawizi mbichi usiitie kwenye maziwa ya vuguvugu, yatakatika. Ichemshe kwanza na maji.