Mtu akikutumia uongo kuhusu Wayahudi, mjibu hivi

Mimi ni Myahudi wa Mbale, Uganda, nauza maharagwe sokoni. Juzi mteja wangu wa miaka mingi alinitumia sauti kwenye WhatsApp: eti Wayahudi wana mpango wa siri wa kutawala dunia. Mikono ilinitetemeka nikashindwa hata kupima kilo.

Usijibu papo hapo, wala usijibu ndani ya kundi. Ukiupata Ijumaa jioni, uache mpaka nyota zitoke Jumamosi, Sabato yetu iishe. Mngoje mje muonane ana kwa ana. Wangu nilimpa kigoda, nikamuuliza, "Dada yangu, mimi na wewe tumekopeshana mara ngapi?" Akainamisha kichwa.

Kisha mweleze uongo huo ulikotoka: maandishi ya kughushi yaliyochapishwa Urusi mwaka 1903. Halafu msimulie ya kwetu. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, alishika dini ya Kiyahudi mwaka 1919, hapa hapa Mbale. Wakati wa Idi Amin ikapigwa marufuku, wazee wakasali kwa kujificha hadi alipopinduliwa Aprili 1979. Hapa usiharakishe, kwa sababu watu wengi hawajawahi kuisikia.

Akileta habari za Gaza, msikilize, uchungu wake ni wa kweli. Kuikosoa serikali ya Israel si chuki. Kumtwika muuza maharagwe wa Mbale lawama za vita, hiyo ndiyo chuki, na mwambie hivyo waziwazi.

Vikiwa vitisho, usifute. Hifadhi ujumbe, nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kisha polisi.

Dada yule nilimwalika Ijumaa, kabla jua halijazama. Alikuja na ndizi.