Namna ya Kujifunza Uigizaji kwa Kuifuatilia Kazi ya Pete Postlethwaite

Kijana wa Mombasa anayeanza uigizaji hupenda kujipima kwa nyota wa filamu, na ingawa jambo hilo linaeleweka, si njia nzuri ya kujifunza kazi. Katika filamu moja nyota huwa mmoja au wawili, ilhali askari, karani, baba mgonjwa na wakili wa mhalifu ni nafasi nyingi zinazohitaji watu wenye ujuzi. Kwa hiyo ninashauri umchague mwigizaji mmoja aliyeishi kwa nafasi hizo, kisha uifuatilie kazi yake kwa mpangilio wa miaka. Kwa zoezi hili simwoni anayefaa kuliko Mwingereza Pete Postlethwaite, aliyezaliwa Warrington mwaka 1946 na kufariki dunia Januari 2011.

Anza kwa kuelewa alikotoka, yaani jukwaani. Postlethwaite alikuwa mwalimu kabla ya kusomea uigizaji katika chuo cha Bristol Old Vic, na katika miaka ya 1970 alifanya kazi katika ukumbi wa Everyman mjini Liverpool, pamoja na Julie Walters, Jonathan Pryce na Bill Nighy. Alipoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa filamu ya In the Name of the Father ya mwaka 1993, alikuwa anakaribia umri wa miaka 50. Mwaka 2008, akiwa amekwisha kujulikana duniani kote, alirudi Everyman kuigiza King Lear. Nawe tafuta kikundi kinachoigiza mbele ya watu, iwe Little Theatre Club, iwe Swahilipot Hub jirani na Fort Jesus, au kikundi cha mtaani Likoni au Kisauni kinachoigiza michezo ya kuelimisha jamii. Kamera huweza kuisamehe sauti hafifu, lakini hadhira ya uwanjani haisamehe, na hapo ndipo pumzi na subira hujengeka.

Hatua inayostahili muda mrefu kuliko zote ni kuwatazama baba wawili. Katika Distant Voices, Still Lives ya mwaka 1988, iliyoongozwa na Terence Davies, Postlethwaite ni baba mkatili wa familia ya kimaskini mjini Liverpool. Usiku wa kuamkia Krismasi anawaendea watoto wake waliolala na kuwatazama kwa upendo. Halafu, katika mlo wa sikukuu, anakivuta kitambaa cha meza na vyote vilivyokuwa juu yake vinaanguka sakafuni. Tazama kipande hicho mara ya kwanza kikiwa na sauti na mara ya pili bila sauti, uandike daftarini kile ambacho mikono, mabega na macho yake yanafanya kabla hajakishika kitambaa. Baada ya hapo mtazame akiwa Giuseppe Conlon katika filamu ya 1993, mtu mpole na mgonjwa aliyefungwa bila hatia pamoja na mwanawe, anayeigizwa na Daniel Day-Lewis. Uso ni uleule, wenye mifupa ya mashavu iliyojitokeza, lakini mtu ni mwingine kabisa. Kwa maoni yangu, ukatili wa baba wa kwanza unaaminika kwa sababu upendo wa usiku ule ulikuwa wa kweli, na nguvu ya baba wa pili inatokana na kwamba haombi kuonewa huruma hata mara moja. Ukiweza kueleza tofauti hiyo kwa maneno yako mwenyewe, umekwisha kupata sehemu kubwa ya somo.

Kisha chunguza vitu anavyotumia. Katika tamthilia ya runinga ya Sharpe, mwaka 1994, anaigiza sajini mwovu Hakeswill, ambaye huzungumza na picha ya mama yake iliyo ndani ya kofia. Chagua nawe kifaa kimoja tu cha mhusika wako, mathalani leso, bakora au simu kuukuu, uamue kilimfikiaje. Kuhusu lafudhi, keti katika feri ya Likoni usikilize wazee wa Mji wa Kale na wageni kutoka bara wanavyozungumza, lakini usiwaige kwa kejeli; tafuta kwanza kinachowafanya wazungumze hivyo.

Nafasi fupi zina somo lake. Katika Inception ya mwaka 2010 yeye ni tajiri anayekufa kitandani, mwenye maneno machache sana, na bado kisa cha mwanawe kinategemea maneno hayo. Mandhari ya Mombasa katika filamu hiyo yalipigwa Tangier, Morocco, jambo linaloniuma hadi leo. Lakini The Constant Gardener ya mwaka 2005, ambamo anaigiza daktari aliyejificha jangwani, ilipigwa nchini Kenya, ikiwemo Loiyangalani. Waandaaji kama hao wanapokuja, nafasi wanazowapa wenyeji huwa za dereva, muuguzi au mlinzi. Jiandae kwa kurekodi kipande cha dakika moja kwa simu iliyosimamishwa imara, ukiwa umeelekea dirisha lenye mwanga, na sehemu ya kipande hicho iwe ya kusikiliza bila kusema. Ukiitwa, omba mkataba ulioandikwa, uthibitishe malipo ya kila siku, saa za kazi na usafiri wa kukurudisha nyumbani usiku, kabla ya kutia sahihi.