Jinsi ya kuwaheshimu wanajeshi wastaafu hapo sokoni kwenu Desemba hii

Kwanza kabisa msiwapangie wazee siku yao pekee yao. Sisi huku Vihiga, magharibi mwa Kenya, tulijaribu tarehe 20 Oktoba juu ni Siku ya Mashujaa, na ikawa wazee saba chini ya tenti na watoto wa shule walioletwa kwa lazima, wengine wote wako shambani ama wameenda kwa sherehe ya kaunti. Tarehe 11 Novemba nayo, ile ya kukumbuka vita vilivyoisha 1918, mtaani hakuna anayeijua na mvua ya mchana haikawii. Shikeni Desemba. Watu wako ushago, mfuko una kakitu, na tayari kuna mambo yanaendelea, fainali za mpira, harambee za kanisa, alafu tarehe 26 watu wanamiminika Mbale kwa sherehe ya utamaduni ya Maragoli, so ingizeni wazee ndani ya kitu ambacho watu wangekuja tu hata bila kuitwa. Sisi tunawaweka kabla ya fainali ya mpira, nusu saa, uwanja mzima ukiwa umejaa. Wenye wanapenda historia wanaweza kuchukua tarehe 12, sababu usiku ule wa uhuru 1963 ndio KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni, wazee waliliita Keya) iligeuka Kenya Rifles, yaani mtu alilala Keya akaamka jeshi la Kenya.

Orodha anzeni kutengeneza mapema, Septemba hivi, na msitegemee ya chifu pekee. Panda boda uende boma kwa boma. Ukifika, kunywa chai kwanza, alafu muulize mzee namba yake ya jeshi. Anaweza kuwa amesahau jina la mjukuu aliyemletea kiti lakini hiyo namba anaitoa yote bila kusita, na nimeona mmoja akiweka fimbo kando kwanza ndio aitaje. Andika jina vile yeye anataka liitwe, kikosi, na alikohudumu: kaskazini mwa Kenya wakati wa vita vya Shifta miaka ya 60, Namibia 1989 na Umoja wa Mataifa, Sierra Leone, Somalia kuanzia 2011. Hapo kwa Somalia ndio kamati nyingi hukosea, wanadhani mstaafu lazima awe na mvi, kumbe yule jamaa wa miaka 38 anauza spea za boda alirudi na mguu mbovu na hakuna mtu amewahi kumwambia pole. Na wajane pia, waandike kwa majina yao wenyewe, si "mke wa marehemu fulani". Ukiwa na shaka na mtu, DEFOCA, kile chama cha wanajeshi wa zamani, kinaweza kukusaidia, juu matapeli hawakosi pakiwa na chakula.

Kitu kingine, ukipata mzee alikuwa Kenya Air Force kabla ya Agosti 1982, usimuulize maswali kwa maiki. Kikosi kilivunjwa baada ya lile jaribio la mapinduzi na wengine waliumia bila kosa. Akitaka ataongea, asipotaka muulize habari za ng'ombe.

Nguo. Hapana jungle, ile sare ya madoadoa, narudia hapana, raia kuvaa sare ya jeshi ni kesi, na hiyo ni pamoja na vijana wa drama wenye wamenunua suruali ya mtumba yenye madoadoa. Bleza ama koti safi, bereti kama anayo, na medali. Mwenye medali anavaa kifua cha kushoto, mtoto ama mjane wa marehemu anaivaa kulia. Kuna mama alituletea ya babake aliyepigana Burma, imefungwa kwa kipande cha leso ndani ya mkebe wa Kimbo, utepe umeliwa na mende nusu. Kijana wa kamati alikuwa ashachukua stilwulu aisugue ing'ae, tukamnyang'anya. Kitambaa laini kikavu inatosha, na huo utepe uache vile uko, shikilia na pini.

Huku kwetu tena kuna kanisa la Friends, yaani Quaker, wako tangu misheni yao ianze Kaimosi 1902, na mafundisho yao ni amani, kwa hivyo wazee wa kanisa wengine wanaweza kukuangalia vibaya ukianza na mambo ya bunduki. Mimi nilimwendea pasta nikamwambia hatusifu vita, tunasalimia watu wetu waliorudi na kutaja wale hawakurudi. Akakubali aombe yeye mwenyewe.

Polisi: kama ni mkutano wa hadhara, barua iende kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 kabla na si zaidi ya 14. Fataki sahau kabisa, mtu aliyekuwa Somalia hahitaji kushtuliwa na mlio nyuma ya kiti.

Sasa viti. Mwaka wa pili mheshimiwa mmoja alikuja na msafara, vijana wake wakainua wazee kutoka kivulini ndio wakubwa wakae, na mzee wa miaka 80 na kitu akamaliza saa nzima kwa jua. Tangu hapo kila kiti kinabandikwa jina kwa karatasi, na tunaweka mama mmoja mkali hapo, hatuweki kijana, kijana ataogopa. Wanasiasa wanasalimia tu, dakika moja, baada ya wazee.

Programu yenyewe iwe fupi: ombi, dakika mbili kimya (mwambie wa jenereta na wa spika mapema, na yule wa kuuza aiskrimu mwenye kengele), alafu roli-koli. Hiyo ndio kitu chenyewe. MC anaita namba na jina, mtu anajibu "Afande!" Ikiitwa ya marehemu, mtu wa familia anasimama bila kusema kitu. Orodha ihakikishwe jana yake usiku kwa simu, sababu tulishawahi kumwita mtu alikuwa amezikwa wiki mbili, na mkewe ameketi pale mbele. Baada ya hapo ngoma ya isukuti iingie, wazee wasalimie timu zote mbili kwa mkono, na refa apulize.

Zawadi ni blanketi na sukari, cheti kitabaki kwa ukuta kikiliwa na mchwa. Nauli ya boda ya kuwarudisha lipeni kabla mechi haijaisha, fainali ikienda penalti hutapata boda hata moja.