Jinsi ya kukadiria muda wa kuishi uliobaki kwa mgonjwa wa saratani kwa kipimo cha PPI

Mwongozo huu unawalenga wauguzi na maofisa tabibu wanaotoa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso, kwa wagonjwa wa saratani iliyofikia hatua ya mwisho, hasa mahali ambapo maabara iko mbali. Kipimo cha PPI (Palliative Prognostic Index), kinachojumlisha alama za hali ya mgonjwa ili kukadiria majuma aliyobakiza, kilichochapishwa mwaka 1999 na Tatsuya Morita na wenzake wa Japani, hakihitaji damu, tofauti na kile cha PaP (Palliative Prognostic Score) cha Italia kinachodai hesabu ya chembe nyeupe.

Uzoefu peke yake hautoshi. Katika utafiti wa Christakis na Lamont uliofanyika Chicago na kuchapishwa mwaka 2000, madaktari 343 walikadiria muda wa wagonjwa 468 wa hospisi (huduma ya walio karibu na mwisho wa maisha): asilimia 20 tu ya makadirio yalikuwa sahihi, asilimia 63 yalizidisha muda, na kadiri daktari alivyokuwa amemfahamu mgonjwa kwa muda mrefu, ndivyo usahihi ulivyopungua.

Hatua ya kwanza: shughulikia yanayotibika kabla ya kuhesabu chochote. Maambukizi, upungufu wa maji, kalsiamu iliyopanda, mkojo uliozuiwa au dawa iliyoongezwa juzi vinaweza kumlaza mtu kitandani na kumvuruga akili, kisha akainuka vikishatibiwa. Kuchanganyikiwa kulikoletwa na dawa moja pekee hakupewi alama.

Hatua ya pili: pima uwezo wa mwili kwa kipimo cha PPS (Palliative Performance Scale), kilichobuniwa Victoria, Kanada, ambacho huonyesha uwezo huo kwa asilimia: 100 ni mzima, na kadiri unavyoshuka ndivyo mgonjwa anavyodhoofika. Asilimia 60 na kuendelea hupewa 0. 30 hadi 50, yaani kuanzia anayeshinda amekaa au amelala hadi asiyetoka kitandani kabisa, hupewa 2.5, na 10 hadi 20 hupewa 4.

Hatua ya tatu: ongeza alama za dalili nne. Anayekula vijiko vichache tu au pungufu ya hapo hupewa 2.5, na aliyepunguza chakula kwa kiasi hupewa 1. Kuvimba kwa maji ni 1, kukosa pumzi akiwa amepumzika ni 3.5, na kuchanganyikiwa ni 4. Uliza anayemlisha, si mgeni aliyefika kusalimia. Na swali la pumzi liulizwe mgonjwa akiwa ametulia, kwa kuwa wengi huhema baada ya kugeuzwa tu.

Hatua ya nne: jumlisha. Jumla inayozidi 6 huashiria chini ya majuma 3. Inayozidi 4, chini ya majuma 6. Mgonjwa wa PPS 40 anayemeza vijiko viwili vya uji na kuvimba miguu ana 6 kamili, kwa hiyo hajavuka mpaka wa kwanza. Akianza kukosa pumzi anafika 9.5. Katika utafiti wa Morita, kipimo kiliwanasa takriban asilimia 80 ya waliofariki ndani ya majuma 3, kwa hiyo wapo waliokiponyoka.

Hatua ya tano: zungumza na mgonjwa, akiridhia, kisha na ndugu. Mimi sitaji tarehe. Nasema, "Mzee, tunaona ni suala la majuma machache, na huenda likawa fupi zaidi," kisha nanyamaza, kwani swali linalofuata aghalabu huwa juu ya mtoto aliye safarini, deni au ardhi.

Rudia hesabu katika kila ziara, na mara moja hali inapobadilika. Alama inayopanda kwa kasi inakutaka uhakikishe mofini ya maji (dawa kali ya maumivu) iliyopo nyumbani itatosha hadi ziara ijayo.