Kupunguza Foleni na Kuharakisha Mikopo katika Tawi la SACCO
Katika matawi mengi ya SACCO (vyama vya ushirika vya akiba na mikopo) nchini Kenya, msongamano hutokea mwisho wa mwezi, mishahara inapoingia. Kwa hiyo meneja apange likizo za wafanyakazi katikati ya mwezi, na amweke mmoja wao mlangoni awahudumie wanachama wanaohitaji taarifa tu, wasipange foleni ya keshia. Kazi kubwa zaidi iko kwenye mikopo. Fomu ikaguliwe mwanachama akiwa bado dirishani, hasa saini za wadhamini na akiba yao ambayo haijafungwa na dhamana nyingine, kwani fomu inayorudishwa baada ya wiki humvunja moyo mzazi anayetafuta karo. Ombi likikataliwa, mwanachama apigiwe simu siku hiyo hiyo na aelezwe sababu.