Kufufua Boti ya Bata: Kazi ya Alumini Uani Kisumu

Boti bapa za alumini, zile ambazo Wamarekani huzitumia kuwinda bata kwenye vinamasi, ni nadra hapa Kisumu. Ukiipata moja, hata kama imepasuka na viti vimeoza, usiiache iende kuyeyushwa. Tumbo lake halina mkuku mrefu, hivyo inapita kwenye maji ya magotini. Ni nyepesi, na rangi yake haing'ai. Kenya hairuhusu uwindaji wa kujifurahisha, kwa hiyo bunduki haina nafasi humo, lakini boti inayomkaribia bata bila kumshtua ndiyo inayofaa kumpeleka mgeni kwenye mafunjo ya Dunga amwone gonoleki, yule ndege mwenye utosi wa manjano na kifua chekundu.

Mimi ni fundi wa bodi za magari, na mabati ndiyo yanayonilisha. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, na peke yake hayaimalizi alumini upesi. Inayoimaliza ni metali nyingine ikigusana nayo penye unyevu, na maji yaliyofungiwa mahali pasipopita hewa. Ukikumbuka mambo hayo mawili, nusu ya kazi utaijua bila kuambiwa.

Anza kwa kuiinua. Boti ikiwa nzito kuliko inavyoonekana, povu lililo chini ya viti limenyonya maji. Ng'oa viti, toa povu lote, hata lile linaloonekana zima, kisha ugonge ubao wa tezi, pale injini inapofungwa. Sauti ya bubu maana yake mbao imeoza ndani. Ndugu zangu wengi hutaka kuirukia rangi kwanza kwa sababu ndiyo inayoonekana. Rangi ni ya mwisho.

Osha kwa sabuni ya kawaida na maji mengi. Usiguse kostiki soda, maana inaila alumini ukiitazama. Rangi kuukuu iondoe kwa msasa na brashi ya waya usioshika kutu. Brashi ya chuma cha kawaida huacha chembe za chuma ndani ya alumini, na kila chembe itageuka shimo. Jiwe la grinda pia liweke mbali, kwa kuwa bati la boti hizi mara nyingi halizidi milimita 2. Vaa barakoa, vumbi la rangi ya zamani huenda lina risasi, ile metali yenye sumu.

Sasa tafuta mavujio, na hapa usiwe na haraka. Watu huiweka boti ziwani wakachungulia ndani. Fanya kinyume: iweke juu ya stuli nne au tano, zilizokaribiana ili tumbo lisibonyee, halafu mimina maji ndani. Lita 200 zinatosha kufunika mistari ya ribiti, zile pini zinazounganisha bati na bati, na hizo ni kilo 200, kwa hiyo stuli ziwe imara. Inama uchungulie chini yake, futa bati kwa kitambaa kikavu, ngoja. Kila tone litakuonyesha mlango wake. Zungushia alama kwa chaki. Usitumie penseli: kiini chake ni grafiti, nayo ikikaa juu ya alumini yenye unyevu huanza kuila kama metali nyingine.

Ribiti inayovuja haitaki gundi kwanza, inataka kukazwa. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja ndani anashikilia kipande kizito cha chuma kwenye mkia wa ribiti, mwingine nje anagonga kichwa kwa nyundo, mapigo mafupi yenye uzito uleule. Nikiwa nje humwambia kijana wangu, "Bana, usisukume," naye hunijibu, "Nimebana, mzee," kabla sijapiga. Msipoelewana mtabonyeza bati na kulegeza ribiti za jirani. Ikikazwa na bado inacheza, toboa kichwa chake, itoe, panua tundu kidogo na uweke ribiti nene zaidi.

Ribiti za bunduki zinazouzwa kwa kazi za magari zina tundu katikati, na mara nyingi msumari unaobaki ndani ni wa chuma. Kwenye mlango wa matatu zinafaa. Chini ya maji, hapana. Pale ambapo mkono hauwezi kufika nyuma, tafuta zile zilizozibwa mwisho, za alumini mwili na msumari, na uchovye kila moja kwenye silanti (gundi ya kuzibia) ya poliyurethani kabla ya kuipiga.

Ufa una dawa yake. Toboa tundu la milimita 3 kwenye kila ncha ili usiendelee kutambaa, kata kiraka cha alumini ya boti, aina ya 5052 ikipatikana, viringisha pembe zake, paka silanti, kisha piga ribiti kuzunguka. Bati laini la sufuria halifai, hata ukilipata bure. Ukitaka kuchomelea, mtafute fundi mwenye mashine ya gesi ya agoni. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 bila kubadilika rangi kwanza, ilhali utando ulio juu yake unahitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Ndiyo maana fundi wa mageti, hata awe hodari namna gani, akitumia mashine yake ya kila siku hutoboa badala ya kuunga. Na asichomelee kamwe povu likiwa ndani. Moshi wake una sumu inayoua.

Ubao wa tezi ujenge upya kwa plaiwudi ya boti, vipande viwili vya milimita 18 vilivyogandishwa kwa epoksi. Pima ule wa zamani kwanza. Paka epoksi nyuso zote, na kingo mara tatu, maana plaiwudi hunywa maji kupitia kingo. Matundu ya bolti toboa makubwa, yajaze epoksi, yakikauka toboa tena saizi kamili, hivyo bolti itapita ndani ya epoksi badala ya mbao. Nakusihi usitumie mbao zenye rangi ya kijani za nguzo na ua. Dawa iliyomo ina shaba, na shaba ikikutana na alumini penye maji, bati linaisha.

Povu jipya liwe lile lisilonyonya maji. Kila lita 1 hubeba karibu kilo 1, basi ujaze chini ya viti vyote ili boti ikijaa maji ibaki ikielea na watu wapate pa kushika. Povu jeupe linalokuja na televisheni huyeyuka likiguswa na petroli. Acha njia ya maji chini yake.

Rangi ni haraka: msasa, praima ya kung'atia alumini saa hiyohiyo kabla utando haujarudi, praima ya epoksi, kisha kijani cha mafunjo kisichong'aa. Rangi ya kuzuia magugu ya majini iliyo na shaba usiiruhusu hata kwenye ua wako. Ndani na juu ya kingo nimependelea njano, kwa sababu wavuvi wa omena wako majini usiku na ni lazima wakuone. Funga kipande cha magnesi karibu na injini ili kiliwe badala ya boti. Zinki ni ya maji ya chumvi.

Jaribio la kwanza lifanye asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaamka, karibu na ufuo, kila mtu akiwa na jaketi ya kuokolea. Baada ya saa moja rudi, kaza tena skrubu za injini na bolti za tezi, pitisha kitambaa kikavu juu ya kila ribiti. Ikibaki kavu, ipeleke ikaguliwe na KMA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyombo vya majini, upate leseni kabla hujampakia abiria anayelipa.